Kulishwa Maneno

Kiswahili kina usemi mmoja unaotosha kuieleza historia hii: kumlisha mtu maneno. Anayelishwa maneno, kinywa ni chake lakini kauli ni ya mwingine. Kila nisomapo habari za akili mnemba inayowasemea watu waliopoteza sauti, usemi huo hunijia. Hofu iliyomo ndani yake ni kongwe kuliko kompyuta.

Alexandre Dumas aliijua. Katika riwaya yake Le Comte de Monte-Cristo, iliyoanza kuchapishwa gazetini mwaka 1844, yumo mzee Noirtier aliyepooza na asiyeweza kusema. Akifumba macho ni ndiyo. Akipepesa kope ni hapana. Mjukuu wake, Valentine, humtajia alfabeti mpaka wafike kwenye herufi anayoitaka, kisha hulitafuta neno katika kamusi. Siku mzee anapotaka kuandika wosia, mwanasheria anasita. Atajuaje kwamba maneno ni ya mzee, si ya msichana? Valentine anamwonyesha njia nzima, herufi kwa herufi, mpaka anakubali. Mapenzi ya mjukuu kwa babu yake hayakumshawishi mwanasheria yule. Alishawishika kwa sababu njia yenyewe ilikuwa wazi, na yeyote angeweza kuikagua.

Miaka 150 baadaye jambo hilo likatokea kweli. Desemba 1995, Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipata kiharusi. Akili ilibaki timamu, lakini mwili karibu wote ulipooza, akabaki akiwasiliana kwa kope ya jicho la kushoto. Alisomewa alfabeti iliyopangwa kwa kufuata herufi zinazotumika zaidi katika Kifaransa: E, S, A, R, I, N, na kuendelea. Herufi yake ikifika, anapepesa. (Ya Kiswahili ingeanza na A.) Kwa njia hiyo Claude Mendibil aliandika kitabu kizima kwa imla ya kope. Kilitoka Machi 1997, na siku chache baadaye Bauby akafariki.

Ndani ya kitabu hicho Bauby anawapima wageni wake. Wapo wanaosubiri neno likamilike, na wapo wanaodhani wamelijua kabla halijaisha. Siku moja alitaka miwani, lunettes kwa Kifaransa. Alipofika herufi ya nne, msikilizaji akamwuliza anataka kuufanyia nini mwezi, kwa maana lune ni mwezi. Tunacheka, ila mtu aliyetumia nguvu zake zote kupata herufi nne analazimika kutumia nyingine kukanusha.

Niliuona uzito wa jambo hili nyumbani. Babu yangu alipopata kiharusi, alibakiwa na macho tu. Kulikuwa na shamba la minazi karibu na Pangani, na mnunuzi alikuwa anasubiri. Baba mdogo akainama kitandani: "Baba, tuliuze shamba?" Babu akafumba macho. Watu wakapumua: amekubali. Shangazi akasema, "Ngojeni kwanza." Akauliza kwa upande wa pili: "Baba, unataka shamba libaki?" Babu akafumba macho vilevile. Chumba kikanyamaza. Shamba halikuuzwa mwaka ule, na hakuna aliyepata kujua babu alitaka nini. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema, "Mzee amesema."

Alichofanya shangazi kwa busara tu, watafiti walikuwa wamekifanya kwa utaratibu. Miaka ya 1970 huko Australia ilizuka mbinu ya kumshika mkono mtu asiyeweza kusema ili achape herufi, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeenea Marekani. Watoto waliodhaniwa hawana lugha walianza kuchapa sentensi, hata mashairi. Wazazi walilia kwa furaha. Mwaka 1993, katika jimbo la New York, watu 12 wenye usonji walijaribiwa pamoja na wasaidizi wao. Kila mmoja alionyeshwa picha bila kuiona ya mwenzake. Picha zilipotofautiana, neno lililochapwa lilikuwa la picha aliyoiona msaidizi. Wasaidizi wale hawakuwa matapeli. Waliamini kwa dhati kwamba hawasukumi mkono. Hilo ndilo linalonitisha zaidi: unaweza kumlisha mtu maneno bila wewe mwenyewe kujua.

Mashine nayo ilikuwa imeanza kubahatisha. Stephen Hawking alipopoteza sauti mwaka 1985, kwanza alichagua herufi kwenye kadi kwa kuinua nyusi. Baadaye alipata programu ya Walt Woltosz, aliyekuwa ameitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake. Mwaka 2014 alipewa programu mpya iliyofunzwa kwa maandishi yake mwenyewe. Akichagua "the", inapendekeza "black". Akichagua "black", inapendekeza "hole". Alibaki kuchapa chini ya asilimia 20 ya herufi. Lakini kila neno lilisubiri aliidhinishe. Sauti ya kompyuta aliyoizoea hakuiacha hata zilipopatikana zilizo bora, kwa kuwa alikwisha kuihesabu kuwa yake.

Leo kasi imepanda. Mwaka 2023, watafiti wa California walitangaza kwamba mwanamke aliyenyamazishwa na kiharusi alitoa maneno 78 kwa dakika kupitia elektrodi 253 zilizowekwa juu ya ubongo wake, kwa sauti iliyoundwa kutokana na rekodi ya harusi yake. Takriban neno moja kati ya manne lilikosewa. Mwaka uliofuata, Jennifer Wexton, mbunge kutoka Virginia, alilihutubia Baraza la Wawakilishi kwa sauti ya akili mnemba iliyofunzwa kwa hotuba zake za zamani. Sauti ilitengenezwa, lakini hotuba ilikuwa yake.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Kiswahili hubeba mengi kabla ya kutaja jambo lenyewe. "Ninawa-" imekwisha kusema nani, lini na kwa nani, lakini bado inaweza kuwa ninawapenda, ninawasamehe au ninawadai. Mashine inayofuata wingi wa matumizi itampa mgonjwa "ninawapenda" wakati yeye anadai pesa zake.

Wanasema kinywa ni jumba la maneno. Jumba hilo likifungwa, yeyote anayepewa ufunguo, awe mjukuu, muuguzi au programu, aulizwe lile swali la mwanasheria wa Noirtier: tuonyeshe umefikaje kwenye neno hili, na mwenye neno angewezaje kukwambia hapana.