Unga na Kiwewe, Kusini mwa Pwani

Mimi ni mshauri nasaha, Ukunda. Wateja wangu wa makamo, nikiwauliza walianzaje kutumia unga, yaani heroini, wengi husimulia kwanza Agosti 1997. Tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, ghasia zikafika hadi Diani. Watu wa bara walichomewa nyumba wakakimbia. Katika misako ya polisi iliyofuata, vijana wa Kidigo walikamatwa wakapigwa. Watalii wakatoweka, hoteli zikafungwa, ajira zikapotea.

Hofu ile wengine waliizima kwa mnazi, kisha heroini. Mafunzo ya zamani ya washauri yalisema mtu aache kwanza, machungu yake yatasikilizwa baadaye. Lakini arosto, yale maumivu ya kuacha unga, ikiisha, jinamizi hubaki, naye hurudia kete.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Lisa Najavits wa Marekani alichapisha mwongozo wa kutibu kiwewe na uraibu pamoja. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza Kenya mwaka 2014 pale Hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafika Malindi mwaka 2015, na sasa Kwale ina kliniki yake Kombani. Dawa hutuliza mwili. Kiwewe kinahitaji mtu aliyefunzwa kukisikiliza, na kila mshauri kutoka Msambweni hadi Likoni anastahili mafunzo hayo kabla hajampokea mteja wa kwanza.