Mahujaji wa Oshima

Kisiwa cha Shikoku, nchini Japani, kina njia ya hija inayopita mahekalu 88, zaidi ya kilomita 1,100. Waumini huitembea kwa kumkumbuka Kobo Daishi, mtawa wa Kibuddha aliyezaliwa mwaka 774. Kwa karne nyingi walikuwemo pia watu wenye ukoma, waliofukuzwa kwao, wakiishi kwa sadaka za wanavijiji. Wengi walifia njiani.

Sheria ya mwaka 1907 iliwakatiza safari. Wagonjwa wasio na makao walikusanywa, na mwaka 1909 hospitali ya kuwatenga ikafunguliwa Oshima, kisiwa kidogo karibu na mji wa Takamatsu. Wengi walibadili majina ili ndugu zao wasiaibike. Katika hospitali za aina hiyo nchini Japani, waliotaka kuoana walishurutishwa kufungwa uzazi. Hata baada ya dawa kupatikana, sheria ya mwaka 1953 iliendelea kuwatenga. Huo ulikuwa ukatili mtupu.

Lakini hija haikufa. Sanamu 88 za mawe zilisimamishwa pale kisiwani, kila moja ikiwakilisha hekalu lake la Shikoku, na aliyekatazwa kuvuka bahari akawa anazizunguka hizo. Wenye macho hafifu waliongozwa na mistari myeupe iliyochorwa barabarani. Waliopofuka kabisa walifuata muziki wa vipaza sauti vilivyowekwa kando ya njia.

Sanaa nayo ilishika mizizi. Wakazi walitunga mashairi, wakafinyanga vyungu, wakalea misonobari midogo ya vyunguni kwa miaka na miaka. Mikono iliyopoteza hisia ilijifunza upya kushika mkasi na udongo. Kuwaita wahanga tu ni kuwapunja: walikuwa watu wenye jicho la uzuri, na waliufurahia.

Sheria hiyo ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996. Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikaamua kwamba serikali iliwakosea. Wengi walikuwa wazee tayari, hawana wa kumrudia, wakabaki kisiwani. Tangu mwaka 2010 tamasha la sanaa la Setouchi limekuwa likiwaletea wageni. Wasanii walifungua mkahawa kisiwani, vyombo vyake vikifinyangwa kwa udongo wa Oshima. Meza ya saruji ya kupasulia maiti za wagonjwa, iliyokuwa imetupwa baharini, iliopolewa na kuonyeshwa hadharani.

Wastani wa umri wa wakazi waliobaki umeshapita miaka 80. Msomaji ukijaliwa kufika Takamatsu, panda boti uende Oshima.