Wakala wa akili mnemba na nakala za akiba: maelezo ya programu yapimwe vipi?

Siku hizi kuna watu wasioandika tena amri za kompyuta kwa mkono wao. Humwachia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayosoma maelezo, kuamua hatua na kuzitekeleza yenyewe. Kazi mojawapo anayokabidhiwa ni kutunza nakala za akiba: daftari la duka, orodha ya wanafunzi wa madrasa, picha za hati za shamba.

Hapo pana hatari. Fundi akikwama humpigia mwenzake simu. Wakala hufuata alichosoma, na palipoachwa wazi aghalabu hukisia. Akikisia vibaya kwenye nakala za akiba, huenda pasiwe na kingine cha kukimbilia. Kwa hivyo, kabla ya kumkabidhi kazi, yapime maelezo ya programu yenyewe. Hapa tunachukua mfano wa restic, programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Alexander Neumann. Hiyo huyafunga mafaili kwa usimbaji fiche kabla ya kuyapeleka kwenye diski ya nje, seva au hifadhi ya mtandaoni.

1. Je, yanaeleza kazi imefaulu au la?

Kila amri ya restic ikimalizika huacha namba. 0 ni salama. 1 ni kwamba amri imeshindwa. 3, kwenye amri ya backup, ni kwamba nakala imetengenezwa lakini baadhi ya mafaili hayakusomeka. Namba hii ya 3 ndiyo ya kuangaliwa sana: asiyeijua atadhani hakuna nakala kabisa, au atakuambia mambo yote sawa ilhali daftari lako halimo. Maelezo ya restic yameziorodhesha namba hizi waziwazi. Pia amri nyingi zinaweza kutoa majibu kwa mpangilio wa JSON, ambao mashine huusoma bila kubahatisha. Hapa restic yapata alama nzuri.

2. Je, amri za hatari zimetengwa na zisizo na hatari?

Amri ya snapshots huonyesha tu nakala zilizopo. Amri ya forget huondoa nakala kwenye orodha, lakini data yenyewe hubaki mpaka amri ya prune ipite. Zikiunganishwa, yaani forget --prune, yote mawili hufanyika kwa mkupuo. Maelezo yanaitaja tofauti hii, ila wakala aliyesoma mstari mmoja tu anaweza kuikosa. Mwambie mapema: amri hizi mbili hazipiti bila idhini yako.

3. Je, kuna njia ya kujaribu bila kugusa kitu?

Ipo. Ukiongeza --dry-run kwenye backup, forget au prune, programu hueleza ingefanya nini bila kufanya. Wakala aanze hivyo, akuletee jibu ulisome, kisha ndipo aendelee.

4. Je, maelezo yanataja toleo?

Programu hubadilika. Namba 10, yenye maana kwamba hifadhi haipo, na 11, kwamba imeshindikana kuifunga ili itumike, zilianza na toleo la 0.17.0 la mwaka 2024. Namba 12, ya neno la siri lisilo sahihi, ilifuata kwenye 0.17.1. Wakala aliyejifunza kwa maandishi ya zamani hatazijua. Amri yake ya kwanza iwe restic version, kisha asome maelezo ya toleo hilohilo.

5. Je, yanafundisha kurudisha data?

Nakala isiyowahi kurudishwa ni ahadi tu. Amri ya check hukagua mpangilio wa hifadhi, lakini kwa kawaida haisomi data yote. Kwa hilo kuna --read-data. Juu ya hayo, mwagize wakala arudishe mafaili machache kwa amri ya restore kwenye folda tupu, nawe uyafungue kwa macho yako.

Yanayobaki kwako

Kwa kipimo hiki, restic imeelezwa vizuri kuliko zana nyingi, na wakala mwangalifu anaweza kuitumia. Lakini yapo ambayo maelezo hayawezi kuamua. Nakala ngapi zibaki, mathalani 7 za kila siku na 12 za kila mwezi, ni uamuzi wa mwenye mali. Neno la siri pia ni lako: likipotea, data haipatikani tena, na maelezo yanasema hivyo bila kuficha. Liandike na ulihifadhi mahali pasipofikiwa na wakala pekee. Mwisho, weka nakala moja kwenye diski ambayo wakala hana ruhusa ya kufuta.

Akiba haiozi, lakini hufutika. Tahadhari kabla ya athari.