Wakili wa kesi za majeraha Uingereza: anafanya nini, na kwa nini miaka 3 ni muhimu?

Mtu akigongwa na gari, akiumia kazini au akidhurika kwa uzembe wa daktari huko Uingereza, anaweza kudai fidia. Kesi ikifika kwa jaji, anayesimama kumtetea mara nyingi ni barista. Si yule wa kahawa. Huyu ni wakili wa mahakamani.

Mawakili wa aina mbili

Kenya na Tanzania, wakili mmoja hufanya kazi zote. England na Wales kazi imegawanywa. Solisita humpokea mteja na kukusanya ushahidi na ripoti za madaktari. Barista huletewa faili: hushauri kama kesi ina nguvu, huandika madai, kisha huhoji mashahidi mahakamani.

Anafikaje huko?

Husoma sheria, hujiunga na moja ya vyama vinne vya kale vya London, kama Middle Temple au Gray's Inn, kisha hukaa mwaka mmoja chini ya barista mzoefu. Wengi hujiajiri na kugawana ofisi na wenzao. Waliobobea huweza kupewa cheo cha Wakili wa Mfalme na kuvaa gauni la hariri.

Hela anapataje?

Kesi nyingi huendeshwa kwa mpango wa "usiposhinda, hulipi". Barista aliyekubali mpango huo akishindwa, hapati kitu. Ndiyo maana hupima kesi vizuri kabla ya kuikubali.

Fidia huhesabiwaje?

Maumivu ni sehemu moja tu. Kuna mshahara uliopotea na gharama za kumtunza majeruhi, pengine maisha yake yote. Kwa hasara za miaka ijayo hutumika Majedwali ya Ogden, yaliyotoka mara ya kwanza 1984 na kupewa jina la barista Michael Ogden.

Saa inahesabu

Kwa kawaida majeruhi ana miaka 3 ya kufungua kesi, tangu aumie au ajue kwamba ameumizwa. Mtoto huanza kuhesabiwa akifika miaka 18. Jaji anaweza kulegeza muda huo, na hapo ndipo barista huonyesha uwezo wake.

Wakenya wanalijua hili. Mwaka 2012, wazee watatu walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau waliruhusiwa na Mahakama Kuu ya London kuendelea na kesi yao, ingawa ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwemo.

Lakini Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walipofungua kesi yao, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikataa kulegeza muda, kwa sababu ushahidi ulikuwa umechakaa mno. Wakarudi mikono mitupu.

Na huku kwetu?

Kenya nayo, madai ya uzembe yana miaka 3. Ukiishtaki serikali, ni miezi 12 tu. Umeumia? Tunza karatasi za hospitali na umwone wakili mapema.