Vitoto vyenye Mabawa katika Michoro ya Wino ya Kiholanzi: Tatizo la Istilahi katika Pwani ya Palma

Jacob de Wit (1695–1754), msanii wa Amsterdam, alichora kwa kalamu na wino vitoto vinono, mara nyingi vyenye mabawa, vikibeba maua, masuke au zabibu kuashiria majira ya mwaka na neema. Asili yavyo ni Cupid wa Warumi, aliyehuishwa na wachongaji wa Italia katika karne ya 15. Makerubi wa Biblia, walinzi wa Edeni, ni viumbe wa kutisha. Kuviita vitoto hivi "makerubi" katika orodha za makumbusho ni kupotosha.

Palma, kwenye Ghuba ya Tungi, tatizo huzidi. Waholanzi waliizingira ngome ya Kisiwa cha Msumbiji, kusini ya hapo, mwaka 1607 na 1608, wakashindwa. Sanaa yao haikuota mizizi katika pwani hiyo. Kwa Waislamu, malaika ni kiumbe wa nuru, na kwa wengi wao kumchora hakukubaliki; ilhali Kiswahili humwita "malaika" pia mtoto mchanga asiye na dhambi. Mfasiri akiandika "malaika", msomaji wa Palma huenda akaona kufuru, au maombolezo ya mtoto aliyefariki. "Kitoto chenye mabawa" ni jina refu, lisilo na mvuto, lakini haliongezi imani ambayo mchoro haukuibeba.