Linux katika kompyuta za mtumba: Vifaa vidogo ndivyo husumbua

Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wenye saiba na maabara za shule katika kaunti za Kitui na Makueni walikabiliwa na swali gumu: wazifanyie nini kompyuta za mezani ambazo bado ni nzima? Dell OptiPlex na HP Compaq kuukuu hazikubaliwi na Windows 11, kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na mfumo huo.

Mifumo huria kama vile Ubuntu, Linux Mint na Debian hupatikana bila malipo, nayo huridhika na mashine za aina hiyo. Bodi, diski na chipu za picha za Intel aghalabu hazina taabu, maana viendeshi vyake vimo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Taabu huletwa na vikorokoro vya kuongezea.

Mfano ni Wi-Fi. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina, hivyo mnunuzi huuziwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Vingi hutumia chipu za Realtek, na baadhi ya chipu hizo hazikuwa na kiendeshi ndani ya kiini hadi toleo la 6.2 la mwaka 2023. Mtu basi huhitaji intaneti ili apakue programu ya kumpa intaneti! Dawa iko mfukoni: simu ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa igawe intaneti, Linux kwa kawaida huitambua papo hapo.

Printa nazo zina vituko vyake. HP LaserJet 1020 haihifadhi programu yake ya ndani, bali huipokea upya kutoka kwa kompyuta kila inapowashwa. Kwenye Linux itaonekana, itapokea kazi, lakini karatasi haitoki hadi nyongeza ya HPLIP, ambayo si huria, iwekwe.

Linux pia husingiziwa makosa ya betri. Betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti salama kama eCitizen hukataa kufunguka.

Mashine za biti 32, zikiwemo Pentium 4 za mwanzo, ni heri kuziacha dukani hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ubuntu iliacha kuzitolea nakala ya kawaida ya mezani mwaka 2017, na Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena nakala ya kusakinishwa humo.

Anayenunulia Nairobi abebe Ubuntu kwenye diski ya USB, aiwashe humo bila kusakinisha, kisha ajaribu Wi-Fi, sauti na printa mbele ya muuzaji. Kutoka Wote au Kitui kurudi kubadilisha kifaa ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na nauli yake huenda ikapita bei ya kifaa chenyewe.