Tofaa au Nyanya? Historia Fupi ya Vitabu vya Picha na Watoto Wetu Wadogo

Kibirizi ni ufuo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, mahali ambapo maboti hupakia abiria na mizigo ya kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga, mpakani mwa Burundi. Asubuhi, baada ya usiku wa giza, mitumbwi hurejea na dagaa, na kina mama huwaanika juani. Nilifika huko kumzuru rafiki yangu, na katika mkoba wangu mlikuwa na vitabu vitatu vya picha vya watoto wadogo. Kimoja nilikuwa nimekitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, nikalipwa, na nikaona fahari.

Mama yake rafiki yangu alimpakata mjukuu wake, binti ambaye hajatimiza miaka mitatu, akafungua kitabu changu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tunda jekundu la mviringo juu ya meza. Mtoto akapaza sauti kwa furaha: "Nyanya!" Nami, kwa kiburi cha mfasiri, nikamsahihisha: "Hapana, mjukuu wangu, hilo ni tofaa." Akanitazama, akaitazama picha, akanyamaza. Ukurasa wa pili hakusema neno, wala wa tatu. Bibi yake akaniuliza kwa upole: "Tofaa ndiyo nini, mwanangu?"

Nilishikwa na haya, kwani swali lile lilinikamata pande mbili. Kwetu Unguja tofaa ni tunda la bustani zetu, lenye umbo kama la kengele, na kila mtoto wa shamba analijua. Lile lililochorwa kitabuni silo. Ni tunda la nchi za baridi, ambalo wauza matunda wa mjini huliita epo. Neno langu, basi, lilikuwa geni Kibirizi na la uongo Unguja. Aliyesema kweli ni yule mtoto, maana aliitazama picha akaipa jina la kitu anachokijua. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyetuzoesha kuwachagulia watoto vitabu bila ya kuwauliza macho yao.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna Sultani Darai na punda wa dobi, hadithi ambazo bibi zetu walizisimulia kwa mdomo watoto wakisinzia. Mwaka 1901 hadithi za aina hiyo zilitoka tena, safari hii Chicago, katika kitabu cha George W. Bateman kiitwacho Zanzibar Tales, kikiwa na picha za mchoraji Walter Bobbett. Tazama mwendo wake: hadithi ni zetu, picha zimechorwa kwa ajili ya macho ya watoto wa Marekani, na lugha ni Kiingereza. Mtoto wa Unguja ambaye nyanya zake walizisimulia hakuwa ndiye msomaji aliyekusudiwa.

Kigoma nayo ina kisa chake, na kisa hicho hupitia ufuo huu huu. Tarehe 14 Julai 1960 binti wa Kiingereza, Jane Goodall, alishuka Gombe pamoja na mama yake ili kuwachunguza sokwe. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi, hadi alipofariki mwaka 2025, kwamba hamu ya Afrika ilimwingia utotoni kwa kusoma vitabu vya Daktari Dolittle na vya Tarzan. Hii ndiyo nguvu ya kitabu cha mtoto: kilichosomwa Uingereza kilimfikisha msomaji wake kwenye fukwe za Tanganyika.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Kitabu cha kwanza cha Dolittle, kilichotungwa na Hugh Lofting na kuchapishwa mwaka 1920, kina mwana wa mfalme wa Kiafrika anayemwomba daktari amgeuze awe mweupe. Sehemu hizo ziliondolewa katika chapa ya mwaka 1988. Kwa muda wa miaka karibu sabini, basi, kitabu kimoja kiliwafunza watoto kuwapenda wanyama na papo hapo kikawafunza kumcheka mtu mweusi. Anayemchagulia mtoto kitabu hana budi kuviona vyote viwili. Uzuri wa upande mmoja hauufuti ubaya wa upande wa pili.

Waliolihisi hilo kwa uchungu zaidi ni Wamarekani weusi. Muriel Feelings alikuwa amefundisha Uganda, na mumewe Tom, mchoraji, alikuwa ameishi Ghana. Mwaka 1971 walitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, na mwaka 1974 Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott, ambayo Marekani huwatunuku wachoraji wa vitabu vya watoto. Kiswahili chetu, kilichosafiri na misafara hadi Ujiji, sasa kilivuka bahari kwenda kumwonesha mtoto mweusi wa Marekani uso wenye hadhi. Wao walivuka bahari kuitafuta picha hiyo. Sisi tunayo mlangoni, na aghalabu tunaipita.

Mwaka 1989 Goodall alitoa kitabu cha watoto kuhusu jamii za sokwe, chenye picha za Michael Neugebauer. Kilipopata tuzo ya UNICEF, fedha za tuzo zilitumika kuyatafsiri maneno yake kwa Kiswahili, na nakala zikagawiwa Tanzania, Uganda na Burundi. Kwa mtoto wa mwambao huu, hicho si kitabu cha ugenini: milima iliyomo huiona kutoka kwenye boti. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukiungwa mkono kutoka Kanada. Mradi huo ulihimiza waandishi na wachoraji wa nchini, ukawapa mafunzo, na ukawapa wachapishaji uhakika wa soko kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni. Kazi ile iliwazaa wachoraji waliojua namna mama anavyomfunga mtoto mgongoni, na namna moshi unavyotoka jikoni kwetu.

Hata hivyo, vingi katika vitabu hivyo vilimlenga mtoto wa shule. Mtoto wa mgongoni na wa mapajani alibaki nyuma, kwa kuwa tulidhani kitabu kinaanza pale herufi zinapoanza. Sivyo. Mwaka 2014 jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani iliwashauri wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vyema kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama umbali wa titi la mama hadi uso wake. Kwa hiyo picha ya kwanza ya binadamu ni uso unaomzungumzia, na kitabu chema cha mtoto mchanga hufuata njia hiyo: uso mmoja au kitu kimoja katika ukurasa, mistari minene, rangi zinazopingana waziwazi, na maneno machache yenye mahadhi yanayorudiwa. Kurasa ziwe ngumu au za kitambaa, kwa sababu mtoto huanza kusoma kwa mdomo. Atakitafuna, na hilo si kosa.

Ama kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, kipimo changu sasa ni kile nilichofundishwa Kibirizi. Kwanza, mwache mtoto aseme kabla ya wewe kusema. Asipopata katika kurasa zote hata kitu kimoja cha kukiita jina, kitabu hicho hakikuchaguliwa kwa ajili yake. Pili, tazama watu waliochorwa: nani anafanya kazi, nani anachekwa, nani hayumo. Tatu, soma maneno kwa sauti. Yakikwama ulimini mwako, yatakwama na masikioni mwake. Nne, kumbuka kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila nyumba. Ufuo huu una Waha na Wabembe, na mkoa wa Kigoma umewapokea wakimbizi wa Kongo na Burundi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Picha iliyo safi bibi ataisimulia kwa Kiha, kwa Kibembe au kwa Kirundi, na kitabu kitakuwa kimetimiza wajibu wake.

Sisemi kwamba mtoto wa Kibirizi asioneshwe tunda la ugenini, theluji wala dubu. Aoneshwe, kwani dunia ni yake pia. Lakini aanze na dagaa, mgebuka, mtumbwi na taa ya mvuvi, apate kujua kwamba kitabu kinasema kweli. Akishakiamini kuhusu vile anavyovijua, atakiamini kuhusu vile asivyovijua. Mimi nilianza kinyume: nilimwambia kwamba macho yake yamekosea.

Jioni ile niliomba kitabu kile tena. Nikaketi karibu na bibi, nikaonesha lile tunda, nikamwuliza mtoto: "Hii ni nini?" Alinitazama kwanza, kama anayepima iwapo nitamkosoa. Akasema polepole: "Nyanya." Nikasema: "Ndiyo, nyanya." Akafungua ukurasa wa pili mwenyewe.